Nyota Iliyokataliwa Ushahidi

Vijana wa ofisi, mliponiaga nikistaafu mwezi uliopita mlinipa saa ya ukutani, mkaniomba niwaandikie machache kuhusu kazi ya zamani, "ile ya cheni na vigingi, kabla ya mashine." Saa nimeitundika sebuleni hapa Werugha. Inachelewa dakika mbili kwa wiki, na kwa zawadi ya wapimaji hiyo ni aibu kidogo, lakini asanteni. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini wala nililipwa kiasi gani, kwa sababu la kwanza lilichelewa na la pili halikunifurahisha. Nitawaambia habari za nyota moja, watu walioikataa, na kwa nini nikikumbuka bado nashindwa kumaliza chai yangu. Mkiona naandika kwa ukali msidhani ni uzee. Hata nikiwa na miaka thelathini nilikuwa hivi hivi.

Siku yangu ya kwanza Voi, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilifika ofisi ya upimaji ardhi saa moja na nusu asubuhi nikiwa na cheti cha chuo ndani ya bahasha ya kaki. Karani alinitazama, akaitazama bahasha, kisha akanionyesha jiko la stima kwenye kona. "Majani ya chai yako kwenye mkebe," akasema. Nilipika chai. Nilitia chumvi mahali pa sukari, nikawagawia wote kwa heshima zote, na tangu siku hiyo hakuna aliyeniomba tena. Wasichana, hilo ni la kwanza la kuandika kwenye daftari zenu.

Mtu mmoja tu alikunywa kikombe chake hadi chini. Huyo alikuwa Mzee Sefu, fundi wa vipimo, mzaliwa wa Voi mjini katika zile familia za Kiislamu ambazo mababu zao walitoka pwani. Alikuwa mwembamba, kanzu nyeupe siku ya Ijumaa na ovaroli siku nyingine zote, na hakuwahi kuinua sauti. Alirudisha kikombe mezani akaniambia, "Chai yako ina ghadhabu, binti yangu. Ghadhabu si kitu kibaya, bora uwe na mahali pa kuiweka. Njoo nikuoneshe theodolaiti."

Nyinyi theodolaiti mmeiona ndani ya kabati la vioo pale mlangoni, mkidhani ni pambo. Ni darubini fupi iliyoketi juu ya miguu mitatu, yenye duara mbili za kusomea pembe, moja ya kulala na moja ya kusimama. Ilikuwa na uzito wa mtoto wa miaka miwili na ilihitaji malezi kama yake. Mzee Sefu alinifundisha kuiwekea mwavuli ili jua lisipashe upande mmoja. Alinifundisha kusoma kila pembe mara mbili, darubini ikiwa wima kisha ikiwa imepinduliwa, ili kasoro za chombo zijiondoe zenyewe. Kwa dira alikuwa mkali zaidi. Kabla ya kuisoma aliweka funguo zake mbali, akavua mshipi, akaweka kando kalamu yenye klipu ya chuma. Siku moja tulikuwa shambani na akanitazama kichwani. "Na pini za nywele pia," akasema. Nilizitoa zote kumi na mbili mbele ya wanaume sita wa kubeba cheni ya kupimia, nikaisoma dira nywele zikiwa zimesimama kama za mtu aliyeona chui.

Kazi zetu nyingi hazikuwa na nyota wala chui. Chawia tulikaa siku tatu tukingoja ukungu uondoke ili ndugu wawili waoneshwe mpaka wa mita arobaini. Ukungu ulipoondoka tuligundua kwamba walikuwa wamepatana siku ya kwanza na hawakutaka kutukatiza, maana mama yao alifurahia wageni. Ile ndiyo kesi njema kuliko zote nilizopata. Nimeitaja ili msiseme sikuwahi kufurahi.

Sasa nyota. Kuna vipimo ambavyo vinataka kujua kusini halisi, si kusini ya dira, na kwa hilo tulitumia jua mara nyingi. Lakini jua ni pana, na joto lake hufanya kila kitu kitetemeke kwenye kioo. Kwa kazi ya uhakika Mzee Sefu alipenda nyota, na si zile kubwa. "Nyota kubwa hujaa ndani ya darubini kama taa ya lori, hujui kati yake ni wapi," alinieleza. "Nitafutie iliyo dhaifu." Aliyoipenda kuliko zote iko kusini, chini ya zile nyota nne za Msalaba wa Kusini. Penye mbalamwezi huioni. Hata penye giza lazima macho yazoee kwanza, kisha inajitokeza ndogo, nyeupe yenye ubluu, kama mwali wa stovu ya gesi uliopunguzwa hadi mwisho. Sisi hatukuijua kwa jina. Katika kitabu chetu cha nyota ilikuwa na nambari na mstari mmoja wa tarakimu.

Njia yenyewe ni rahisi, na nawaomba muisome polepole kwa sababu watu wazima wenye suti walidai haieleweki. Nyota inapopanda upande wa mashariki unaandika kimo chake, na unasoma pembe ya mahali ilipo. Halafu unangoja. Inafika juu kabisa ya safari yake, inaanza kushuka upande wa magharibi, na ikifikia kimo kile kile cha kwanza unaisoma pembe tena. Katikati ya zile pembe mbili ndipo kusini halisi. Huhitaji dira, huhitaji jedwali, huhitaji mtu wa Nairobi. Unahitaji subira ya saa moja na nusu na macho mazima.

Nilikuwa na miaka mitatu kazini ulipozuka mgogoro wa Rukanga. Pale chini ya mlima Kasigau familia kumi na moja zilikuwa zinalima mahindi na pojo, zikipakana na ranchi moja ambayo sitaitaja. Mpaka ulikuwa umeandikwa katika karatasi ya zamani kwa maneno machache: kutoka bikoni iliyo juu ya jiwe jeusi, kusini halisi, hadi ukingo wa korongo. Bikoni, kama mnavyojua, ni ile nguzo fupi ya zege tunayosimika pembeni mwa mpaka. Bikoni ya juu ilikuwapo. Ya chini, kule korongoni, ilichukuliwa na mafuriko.

Ranchi ilimkodi mpimaji wake binafsi aweke mstari upya. Alifika asubuhi kwa gari lenye kipoza hewa, akaweka dira juu ya lile jiwe jeusi, akasoma mara moja, akapiga vigingi vyekundu kilomita mbili hadi korongoni, na saa nane mchana alikuwa ameshaondoka. Jioni familia kumi na moja zikajikuta ndani ya ranchi.

Bosi wetu alitutuma mimi na Mzee Sefu tukahakiki. Maagizo yalikuwa tuangalie kama vigingi vimenyooka. Vilikuwa vimenyooka sana. Mstari unaokwenda mahali pabaya unaweza kunyooka vizuri kabisa.

Tulipokuwa korongoni mwanamke mmoja wa makamo alitujia akiwa na jembe begani. Alikuwa mjane, na watu walimwita Mama Mghoi kwa jina la binti yake mkubwa. Alitusalimu sote, akauliza habari za tulikotoka, akauliza kama tumekunywa maji. Baada ya hayo ndipo akasema.

"Bikoni ya chini haikuwa hapa. Ilikuwa kule, karibu na ule mgunga. Marehemu mume wangu alikuwa akifunga mbuzi hapo."

Mzee Sefu alikadiria kwa macho. Kutoka kigingi chekundu hadi kwenye mgunga palikuwa na mita mia mbili na zaidi.

"Mama, una hakika?" nikamuuliza.

"Nimezaa watoto watano nikiwa upande huu wa hiyo bikoni," akasema. "Mume wangu nimemzika upande huu. Sasa naambiwa nimemzika kwa watu."

Tulirudi juu kwenye jiwe. Lilikuwa jeusi, zito, lenye kung'aa mahali lilipovunjika. Mzee Sefu akaniambia niweke dira pale ilipowekwa na mpimaji, kisha nisogee hatua kumi, kisha hatua thelathini, huku nikilenga alama moja ya mbali karibu na kilele cha mlima. Nilitoa pini zangu bila kuambiwa. Hatua thelathini kutoka kwenye jiwe sindano ilitulia vizuri. Nilipoirudisha juu ya jiwe ilihama digrii sita, kama mbwa aliyesikia harufu ya nyama. Lile jiwe lilikuwa chuma kitupu. Digrii sita katika kilomita mbili ni mita mia mbili na kumi. Mgunga wa Mama Mghoi ulikuwa pale pale hesabu iliposema uwe.

Nataka muelewe kilichonikera. Kukosea kila mmoja hukosea. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa kwamba ukishasoma dira huku, nenda upande wa pili uisome kurudi nyuma, na kama hazilingani ujue kuna jambo. Kutembea huko ni nusu saa. Yule bwana hakutaka kuitoa nusu saa, basi familia kumi na moja zikatakiwa kuzitoa nyumba zao.

Bosi alisikiliza taarifa yangu akiwa anatia sahihi barua nyingine. "Wakesho," akasema, "ulitumwa kuangalia vigingi."

"Nimeviangalia, bwana. Vimenyooka kuelekea shamba la watu."

"Andika vimenyooka. Mambo ya mawe yaache. Ile ni kampuni yenye leseni."

"Na sisi ni nani?"

Alivuta barua nyingine akaendelea kutia sahihi. Mzee Sefu, ambaye alikuwa amesimama mlangoni, aliomba likizo ya siku nne, nami nikaomba zangu. Theodolaiti aliisaini kwenye daftari la stoo kwa jina lake kamili na sababu iliyoandikwa waziwazi: "Kutafuta kusini." Mlinda stoo alidhani ni utani.

Ilikuwa mwezi wa sita, mvua zimekwisha na mwezi ukiwa mwembamba. Tulisimika chombo juu ya bikoni ya jiwe jeusi. Chuma kilichokuwa chini yetu hakikututisha, maana theodolaiti haina sindano, na nyota haivutwi na jiwe la Rukanga. Mlima uliziba upande wa kusini mashariki, kwa hivyo nyota kubwa, ambazo huanzia mbali mashariki, zilikuwa hazifai. Ile yetu hafifu haitembei sana. Saa moja na nusu jioni ilikuwa imeshatoka nyuma ya bega la Kasigau, na saa tatu ilikuwa ikitelemka upande wa pili, safari yote isiyozidi upana wa vidole vinne. Mimi nilishika tochi iliyofungwa kitambaa chekundu nikiandika, na Mzee Sefu akawa na jicho kwenye darubini. Mama Mghoi aliketi nyuma yetu na debe tupu na fimbo, kwa ajili ya ndovu. Alituambia kwamba akipiga debe tusimame tulipo, na akilitupa tukimbie.

Wakati wa kungoja aliniomba aione. Mzee Sefu akampisha. Aliinama kwenye darubini muda mrefu.

"Ni ndogo hivi," akasema.

"Ndogo, lakini haidanganyi," Mzee Sefu akamwambia.

"Itasema nimekaa wapi?"

"Itasema kusini ni wapi. Hayo mengine yameshaandikwa kwenye karatasi."

Tulifanya hivyo siku tatu mfululizo. Siku ya pili ndovu walipita mbali, tukasikia matawi tu, na debe halikupigwa. Matokeo ya siku zote tatu yalitofautiana kwa kitu kidogo ambacho ukikipeleka hadi korongoni ni kama urefu wa kitanda. Tulipiga vigingi vyetu vya mti mtupu, bila rangi. Cha mwisho kiliangukia hatua chache kutoka kwenye mgunga. Mama Mghoi alikishika kwa mikono yote miwili kama anayesalimia mtu aliyetoka safari.

Kikao cha kusikiliza mgogoro kilifanyika kwenye ukumbi wa kanisa, saa nne asubuhi. Mwenyekiti alikuwa afisa aliyetumwa kutoka mbali. Ranchi ilikuja na wakili. Mpimaji wa ranchi hakuja, alituma ramani ya rangi. Sisi, kwa upande wa familia, tulileta daftari la vipimo na Mzee Sefu, aliyevaa kanzu ingawa haikuwa Ijumaa.

Mzee alieleza jinsi alivyopima, kwa utaratibu, kama nilivyowaeleza hapa. Wakili alimwacha amalize, akasimama akitabasamu.

"Hii nyota yako inaitwaje?"

"Siijui kwa jina, bwana. Ina nambari kitabuni."

Watu wa upande wa ranchi wakacheka. Wakili akatazama dirishani. "Sasa hivi naweza kuiona?"

"Sasa ni saa tano mchana," Mzee Sefu akasema.

"Kwa hivyo shahidi wako hajafika." Akamgeukia mwenyekiti. "Mheshimiwa, tunasikiliza kesi ya ardhi au tunapigiwa ramli? Huu ni unajimu."

Kicheko kikawa kikubwa zaidi, na mwenyekiti naye akacheka. Nilimwangalia Mzee Sefu. Mtu huyu alikuwa amepima barabara na mabwawa ya wilaya nzima kabla wakili yule hajajua kufunga tai. Alingoja watulie.

"Unajimu ni kumwambia mtu bahati yake," akasema. "Mimi sikumwambia mtu bahati yake. Nimesema kusini iko wapi. Mheshimiwa akikubali kubaki hadi saa tatu usiku, nitamuonesha kwa macho yake mwenyewe."

Mwenyekiti akasema hawezi. Ilimbidi awe Voi kabla ya giza, kwa sababu barabara ile ina ndovu.

Hapo nilisimama. Nilisema basi nyota tuiache. Jiwe liko mita mia tatu kutoka mlango huu na ni mchana. Twende na dira, mheshimiwa aishike kwa mkono wake, asogee hatua thelathini na arudi, aone sindano ikihama. Haitachukua robo saa. Nilikuwa nimeshaishika dira mkononi.

"Keti chini, mama," mwenyekiti akaniambia. "Wewe ni msaidizi."

"Ni msaidizi, mheshimiwa, ndiyo maana nataka kukusaidia."

"Keti."

Nikaketi. Nimeketi mara nyingi maishani, lakini ile ndiyo mara ninayoijutia. Mita mia tatu. Alitembea mbali kuliko hapo kwenda kula mbuzi aliyechinjwa kwa ajili yake upande wa pili wa kijiji. Uamuzi ulisomwa kabla ya saa nane. Mstari wa mpimaji mwenye leseni ubaki, kwa kuwa upande wa pili haukuleta ushahidi wa kitaalamu.

Familia zile zilipewa hadi mavuno zihame. Mavuno yalipokwisha ukaja waya wa uzio. Mama Mghoi alibomoa nyumba yake mwenyewe, bati kwa bati, kwa sababu hakutaka wengine waibomoe. Kisima alichochimba na mumewe kilijazwa mawe ili mifugo ya ranchi isitumbukie. Kaburi lilibaki ndani, na kwa kulitembelea alitakiwa kuomba ruhusa getini. Alihamia Chawia kwa shemeji yake. Mimi nilimsindikiza hadi stendi ya Voi na mizigo, na hakunilaumu hata kwa neno moja. Ingekuwa afadhali angenilaumu.

Mzee Sefu alihamishiwa stoo, kwa kosa la kutumia chombo cha ofisi bila idhini, ingawa alikuwa amekisaini. Kwa mwaka mmoja fundi bora wa wilaya alihesabu vigingi na makopo ya rangi. Kisha akastaafu mapema, akafungua kibanda cha kutengeneza saa na cherehani karibu na msikiti. Daftari letu la vipimo vya Rukanga lilipotea kwenye faili. Nililitafuta kila kabati. Mambo ya ofisini hayapotei hivi hivi, lakini sina ushahidi wa kitaalamu, kwa hivyo nanyamaza.

Sikunyamaza kabisa. Niliandika barua kila baada ya miezi michache, nikiambatisha nakala ya vipimo niliyokuwa nimejiandikia. Bosi alianza kuniita "mwanafalaki" mbele ya wageni. Nilimjibu kwamba angalau yeye amejua tofauti ya falaki, sayansi ya nyota, na unajimu, mwenyekiti alishindwa.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini zikaja zile mashine za kwanza za setilaiti. Ofisi kuu ilituma vijana wawili na boksi la manjano wapime upya mipaka iliyolalamikiwa, na kwa kuwa barua zangu zilikuwa zimejaa faili moja zima, Rukanga ikawa ya kwanza. Niliwapeleka mwenyewe. Walisimika mashine juu ya jiwe jeusi, wakasimika nyingine upande wa chini, wakala mkate na soda kivulini. Kabla ya adhuhuri kijana mmoja akaniambia, "Madam, huu mstari wa vigingi vyekundu uko nje mita mia mbili na kumi na moja." Kisha akauliza kwa mshangao ni nani aliyepiga kile kigingi cha mti kilichooza, kilichobaki kisiki tu karibu na mgunga, maana kimepishana na mashine kwa mita moja na nusu.

Nilikwenda kusimama nyuma ya gari.

Jioni ile nilipitia kibandani kwa Mzee Sefu. Alikuwa amevaa ile miwani ya fundi ya jicho moja, akiwa ameinamia saa ya mtu. Nikamweleza.

"Tofauti kiasi gani?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Mita moja na nusu."

"Macho yangu yalishaanza kuchoka wakati ule," akasema. "Siku ya tatu ningekuachia wewe."

Mpaka ulirudishwa. Vikao vyote vya miaka minne, barua zote, wakili na tai yake, vilishindwa na boksi la manjano katika asubuhi moja, na hakuna aliyeliuliza jina. Hakuna aliyetaka kuziona setilaiti mchana. Watu walewale waliosema nyota ni ramli waliamini kitu kingine kilicho angani, wasichokiona wala kukielewa, kwa sababu kilikuja na boksi. Hilo ndilo linalonifanya niiache chai hadi leo. Wangekuwa wamekosa ushahidi ningesamehe. Ushahidi waliupata, wakamtazama aliyeuleta, mzee wa kanzu na mwanamke msaidizi, wakaona hautoshi.

Siku ya kukabidhi ardhi palikuwa na viti vya plastiki na hotuba, na mimi na Mzee Sefu tuliketi nyuma. Afisa mpya alisema tumshukuru Mungu na teknolojia. Familia tisa zilikuwa zimerudi. Mama Mghoi alikuja kutoka Chawia na kitambaa kipya kichwani, akaomba kusema.

"Mheshimiwa, nina swali," akasema. "Hiyo mashine imeona nini ambacho hawa wawili hawakukiona?"

Afisa alisema ni mambo ya kitaalamu.

"Miaka minne nimelima shamba la shemeji nikiitwa mgeni. Kisima changu kimejaa mawe. Naomba mtu mmoja hapa aniambie tu kwamba walinieleza ukweli, halafu hawakusikilizwa. Sitaki kingine."

Afisa alimshukuru kwa maoni yake, akamwita anayefuata. Mama Mghoi hakurudi kuishi Rukanga. Alisema nguvu za kuchimba kisima mara ya pili hana. Shamba alimwachia Mghoi, na yeye mwenyewe siku ile akaenda kuketi kaburini kwa mumewe hadi gari lilipoondoka, safari hii bila kuomba ruhusa ya mtu.

Wiki iliyofuata bosi aliniletea ripoti ya kufunga faili niitie sahihi, kwa kuwa nilikuwa nimewasimamia wale vijana. Ilikuwa ukurasa mmoja. Ilisema kwamba mstari wa awali ulikuwa na kasoro iliyotokana na hitilafu ndogo ya kifaa, na kwamba kasoro hiyo imerekebishwa.

Nilisoma mara mbili. Dira haikuwa na hitilafu. Ilipowekwa juu ya chuma ilionesha chuma, na kwa dira huo ndio ukweli wenyewe. Nilichukua kalamu, nikakata mstari juu ya maneno hayo, nikaandika pembeni: "Kifaa hakikukosea. Tuliambiwa mapema, kwa vipimo vya siku tatu, tukakataa kutembea mita mia tatu." Nikaandika jina la Mzee Sefu, nikaandika langu, nikatia sahihi.

Bosi aliisoma akiwa amesimama. Hakunigombeza. Aliikunja mara mbili, akaitia mfukoni, akamwita karani apige chapa nakala nyingine safi, na mtu mwingine akaitia sahihi kabla ya saa kumi. Ile safi ndiyo iliyomo kwenye faili mpaka leo, mkiitafuta mtaiona. Hii mliyoisoma sasa ni ile nyingine.